Tambi kwa Mchuzi wa Karanga: Chakula cha Jioni cha Dakika 20

(Haya ni mazungumzo yetu na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya mapishi. Wengi waliomba yaandikwe ili wale waliobaki nyumbani nao wayasome.)

Leo hatutazungumza juu ya mikopo wala vitabu vya hesabu. Leo tutazungumza juu ya sufuria, na hasa ile sufuria ya saa moja usiku, siku ya kazi, wakati mama amefika nyumbani amechoka na watoto wanamtazama usoni.

Sisi wa ofisi ya maendeleo tumetembelea nyumba nyingi saa hiyo. Si kwa kupeleleza. Ni kwa sababu mchana hakuna mtu nyumbani wa kuzungumza naye. Na tunayoyaona ni karibu yale yale kila mahali. Maharagwe hayawezi kuanzwa saa hiyo, kwani yanataka saa mbili na makaa ya kutosha. Githeri ndiyo usiseme. Ugali unaiva haraka, lakini ugali unataka mboga, na mboga inataka kuchumwa, kuoshwa na kukatwa, na giza limeshaingia. Basi mtoto anatumwa dukani. Anarudi mbio na pakiti mbili za tambi, zile za kuiva kwa dakika tatu. Zinachemshwa, kile kikaratasi cha unga wa chumvi kinamwagwa chote, na watoto sita wanagawana sufuria ya maji ya manjano. Wanafurahi sana. Saa nne usiku mmoja anaamka akilia njaa.

Hebu tuhesabu pamoja. Pakiti moja ndogo ni kama gramu 70. Pakiti mbili ni gramu 140. Ukigawa kwa watoto sita, kila mmoja amepata gramu 23 za tambi kavu. Hiyo haijazi hata kiganja. Yaliyobaki tumboni ni maji na chumvi.

Miaka iliyopita tulikuwa tukiwakataza watu tambi. Tulisimama mbele ya vikundi na picha zetu za makundi matatu ya chakula, tukasema tambi ni chakula cha mjini, rudini kwenye vyakula vya asili. Siku moja mama mmoja aliinua mkono akauliza, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, na nyinyi jioni mnafika kwenu saa ngapi? Na ni nani anayewapikia?" Watu walicheka. Hatukuwa na jibu. Na ukweli ni kwamba mmoja wetu alikuwa na pakiti mbili za tambi katika mkoba wake siku ile ile, na mkoba ulikuwa wazi.

Tangu siku hiyo tuliacha kukataza, tukaanza kuulizana: chakula hiki cha haraka kinakosa nini, na hicho kinachokosekana, je, hakipo nyumbani? Jibu ni kwamba kipo. Kiko ndani ya gunia, chini ya kitanda. Ni karanga.

Kwanza tuzisafishie tambi jina kidogo, maana wengine wanazisema kana kwamba ni sumu. Tambi ni unga wa ngano uliokandwa, ukakatwa nyuzi, ukakaushwa. Wenzetu wa Pwani wanazipika kwa tui la nazi, sukari na iliki, na hakuna anayewacheka. Spageti ni jamii hiyo hiyo. Zile za dakika tatu zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 1958, na aliyezibuni anaitwa Momofuku Ando. Alichofanya ni kuzipika kwanza, halafu kuzikaanga katika mafuta mpaka maji yote yakatoka. Ndiyo sababu ukizitia maji ya moto zinalainika mara moja. Na ndiyo sababu hazihitaji mafuta mengine mengi. Zimekuja nayo tayari kutoka kiwandani.

Shida yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yake kubwa ni kutia nguvu. Za kujenga mwili zimo kidogo tu, na kwa kipimo cha pakiti mbili kwa watoto sita, hicho kidogo kinapotea. Ya pili ni chumvi, na chumvi nyingi iko katika kile kikaratasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote ya siku nzima, ya mkate, ya mboga na ya mchuzi. Mtoto anahitaji pungufu ya hiyo. Kwa hivyo sisi tunasema hivi: tambi nunueni, kikaratasi wekeni kando. Ukikosa kabisa ladha, tia robo yake. Lakini ukipika kama tutakavyoonyesha leo, hata hiyo robo hutaitafuta.

Sasa karanga. Sisi wa pande hizi za Magharibi na Nyanza tunazilima, tunazichemsha, tunazikaanga, tunawapa wageni. Wengine wetu tumelelewa na mchuzi wa karanga, kwa viazi vitamu au kwa mboga za kienyeji. Katika kila gramu 100 za karanga, kama gramu 25 ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Kwa asili karanga ni ndugu ya maharagwe, si tunda la mti, na mizizi yake inarudisha rutuba shambani vile vile. Zilitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakazileta Afrika. Njugu mawe ndizo zetu tangu asili. Na yeyote anayeona kutia karanga kwenye tambi ni maajabu, ajue kwamba huko Asia watu wanafanya hivyo. Waindonesia wana chakula chao, gado-gado, mboga za kuchemsha zilizomwagiwa mchuzi wa karanga, na ni chakula cha kila siku, si cha arusi.

Jambo la kusikitisha ni hili. Mwezi wa nane tunauza karanga kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ya shule inatungoja. Mwezi wa kumi na mbili tunaingia dukani kununua kikopo kidogo cha karanga zilizosagwa, na bei yake tunaijua. Hatusemi msiuze. Tunasema gorogoro mbili au tatu zibaki nyumbani kwa ajili ya sufuria ya jioni.

Haya, tupike. Tunapikia watu sita, na tunatumia jiko moja tu la makaa, kwa sababu tunajua hali.

Vitu vyetu ni hivi. Spageti pakiti moja ya gramu 500, au pakiti saba za zile tambi ndogo. Karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, kikombe kimoja kilichojaa, kama gramu 250. Kitunguu kikubwa kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, nyanya mbili zilizoiva, mafuta kijiko kimoja kikubwa, chumvi nusu kijiko cha chai, na ndimu moja. Mboga ni ile uliyo nayo: sukuma wiki fungu moja, au robo ya kabichi, na karoti mbili. Pilipili ni kwa wanaopenda. Watoto wekeni kando kabla ya kuitia.

Anza na maji. Ukiwasha jiko tu, weka maji ya tambi, sufuria ifunikwe. Wakati yanangoja kuchemka, ndipo unapokata kitunguu na mboga. Wengi wetu tunakata kwanza halafu tunawasha, na hapo dakika kumi zimepotea. Maji yakichemka, tia tambi. Spageti inataka dakika 8 hadi 10, tambi ndogo dakika 3. Ukibakisha kama dakika mbili, tia mboga iliyokatwa nyembamba humo humo ndani ya maji ya tambi. Itaiva bila kutafutiwa sufuria nyingine wala makaa mengine.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Msimwage yale maji! Chujeni tambi juu ya bakuli, na mbakishe vikombe viwili vya maji yale. Yana unga wa tambi ndani, na ndiyo yatakayoufanya mchuzi ushikamane. Kisha yana moto tayari. Na kwa wale wanaonunua maji kwa mtungi, hatuhitaji kueleza zaidi. Tambi zifunikwe, ziwekwe kando ya jiko.

Chukueni karanga zilizosagwa, mzitie katika bakuli, na mmimine maji yale kidogo kidogo mkikoroga. Hapa ndipo wapishi wengi wanakata tamaa. Ukitia maji kidogo ya kwanza, karanga hazilainiki. Zinashikana na kuwa ngumu kama udongo wa kukandika nyumba. Unafikiri umeharibu. Hujaharibu. Endelea kutia maji kidogo na kukoroga, na ghafla zitafunguka na kuwa kama uji wa mtoto. Inafika kama kikombe kimoja na nusu cha maji. Sisi mara ya kwanza tulitia karanga kavu moja kwa moja katika mafuta ya moto, zikaungua chini na kuwa mabonge juu. Kwa hivyo bakuli kwanza, sufuria baadaye.

Sufuria ile ile irudi jikoni. Mafuta, kitunguu mpaka kilainike, kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, halafu nyanya. Nyanya zikipondeka, punguzeni moto. Jiko la makaa likiwa kali, tieni majivu kidogo juu ya makaa. Mimineni uji wa karanga, tieni chumvi, mkoroge bila kuacha, maana karanga zinapenda kushika chini. Baada ya dakika tano au sita mtaona mafuta yake yameanza kuelea kidogo juu. Umeiva. Kamulieni ndimu, rudisheni tambi na mboga ndani, mchanganye kwa uma mbili au kwa mwiko, mpakue. Mtu aliyezoea anamaliza yote kwa dakika 20 tangu maji yachemke. Siku ya kwanza itakuwa 35, msivunjike moyo.

Kwa kipimo hicho, kila mtu amepata kama gramu 10 za protini kutoka kwa karanga peke yake. Yai moja lina kama gramu 6. Na wale wanaotuuliza Ijumaa za Kwaresima tupike nini bila nyama, nafikiri tumewajibu.

Mtu mmoja hapa amenong'ona kwamba mume wake hatakubali tambi, anataka ugali. Mama, pika mchuzi huo huo na ugali. Mchuzi ni ule ule. Wengine wataongeza dagaa waliokaangwa, na hapo umepata chakula kizuri zaidi kuliko cha kwetu.

Sasa tumefika mahali ambapo hasa tulitaka kufika. Mapishi tumemaliza kwa haraka kwa sababu mapishi si shida. Shida iko kwenye karanga zenyewe.

Mara ya kwanza tulipopika chakula hiki mbele ya kikundi, tulinunua karanga sokoni, zile zilizokwisha kumenywa, kwa sababu zilikuwa rahisi na tulikuwa tumechelewa. Hatukuzichagua. Tulizikaanga, tukazipeleka mashine, tukapika sufuria mbili kubwa. Watu walikuwa 40, na watoto walikuwa wameshapanga mstari na sahani zao. Mama mzee mmoja alionja kwanza. Alinyamaza kidogo, akageuka, akatema ndani ya pembe ya leso yake. Akasema, "Hizi karanga zililala vibaya."

Tulitaka kubisha. Tulidhani ni mambo ya wazee. Yeye akaomba zile zilizobaki katika mfuko, akamwaga kiasi kwenye kiganja, akaanza kutuonyesha moja moja. Hii imekunjamana. Hii imetobolewa na mdudu. Hii ina doa jeusi. Na hii hapa, ikipasuliwa katikati, ina unga wa kijani kama ule wa mkate uliooza. Katika kiganja kimoja alipata mbovu sita au saba. Tulimwaga sufuria zote mbili mbele ya watu 40 na watoto wenye njaa. Hatujasahau. Tulikwenda dukani tukanunua mikate, na tulilipa kutoka mifukoni mwetu, kwa sababu kosa lilikuwa letu.

Na hata hapo hatukuwa tumejifunza vizuri. Mama mmoja alisema ni hasara kumwaga, tuwape kuku. Tulikuwa karibu kukubali. Tulipokwenda kwa afisa wa kilimo ndipo tulipoelezwa tungefanya nini. Mwaka wa 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi, na hakuna aliyejua ugonjwa ni gani. Walipotafuta sana, waligundua kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu, yaliyotoka Brazili. Kutokana na karanga zile ndipo wataalamu walipoitambua sumu inayoitwa aflatoksini. Inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokosa kukauka vizuri. Kwa hivyo kuku wasipewe. Ng'ombe naye asipewe, maana sumu hiyo inapita ikaingia katika maziwa, na maziwa anakunywa mtoto yule yule tuliyemwondolea mchuzi.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta mfano. Mwaka wa 2004, pande za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Hayo yalikuwa mahindi, na sumu ilikuwa nyingi kupita kiasi, ikaua kwa siku chache. Lakini ile kidogo kidogo, inayoliwa mwaka baada ya mwaka, haina kelele. Inaharibu ini polepole, na mwishowe inaweza kuleta kansa ya ini. Mtu anaugua akiwa na miaka 50, na hakuna anayekumbuka karanga.

Kuna mambo matatu ambayo tunaulizwa kila mara, na tutayajibu wazi. La kwanza: si moto utaiua? Hapana. Kukaanga kunaipunguza kiasi, kuchemsha hakusaidii sana, na mpishi asitegemee moto. La pili: nikionja na si chungu, si ni salama? Hapana pia. Yule mama mzee alitusaidia kwa ulimi wake, na tunamshukuru, lakini sumu inaweza kuwepo bila uchungu wowote. La tatu: zikisagwa si zinakuwa sawa? Hilo ndilo baya kuliko yote. Karanga ikisagwa, mbovu na nzuri zinakuwa rangi moja. Karanga moja mbaya sana inaweza kubeba sumu nyingi, na ukiisaga umeigawa kwa kikopo kizima. Ndiyo sababu sisi tunawashauri msinunue zilizosagwa kutoka kwa mtu ambaye hamkumwona akichagua.

Basi kazi kubwa ya mchuzi huu ni kuchagua. Mwageni karanga kwenye uteo, mchana, kwenye mwanga mzuri. Ondoeni zote zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu, zilizoanza kuota, na zenye ukungu. Msihurumie. Halafu kaangeni kwa moto mdogo, kama dakika 15 hadi 20, mkikoroga, mpaka ganda jekundu litoke kwa kusugua. Pepeteni, na mzitazame tena zikiwa uchi, kwa sababu baada ya ganda kutoka mtaona madoa ambayo yalikuwa yamejificha. Zile mbovu zizikwe shimoni. Kazi hii ya kuchagua haihitaji diploma wala nguvu. Baba anaweza kuifanya huku anasikiliza taarifa ya habari ya saa moja, mradi taa iwe nzuri. Mnacheka, lakini tumemwona baba mmoja anayefanya, na mke wake yuko hapa.

Hata hivyo, kuchagua ni kuokoa tu. Karanga zinaharibika shambani na ghalani. Zing'olewe zikikomaa, zisiachwe ardhini mvua ikizirudia. Zikung'utwe udongo, zianikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, na usiku zifunikwe au ziingizwe ndani. Ukitikisa karanga kavu karibu na sikio, inalia ndani ya ganda lake. Ikinyamaza, irudi juani. Zihifadhiwe na maganda yake, katika gunia la katani, juu ya mbao, mbali na ukuta, si katika mfuko wa nailoni wa kawaida, ambamo unyevu ukiingia haupati njia ya kutoka.

Na kuna tabia moja ambayo lazima tuitaje, kwa sababu karibu sisi sote tumeifanya. Tunapomenya karanga nyingi, vidole vinauma, na tunanyunyizia maganda maji ili yalainike. Kidole kinapata nafuu, na karanga inapata unyevu, halafu tunazifunga mfukoni zikangoje siku ya soko. Hapo tumeupandia ukungu shamba. Tumenyeni zikiwa kavu. Kikundi kikiweza kuchanga pesa kununua mashine ndogo ya mkono ya kumenyea, tunaona ni pesa zilizotumiwa vizuri kuliko viti vya plastiki. Hayo ni maoni yetu, mnaweza kukataa.

Kabla hatujasahau, maonyo mawili ya watoto. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, kwa sababu inaweza kumkaba koo. Iliyosagwa na kulainishwa ndiyo yake. Na wako watu wachache ambao mwili wao unakataa karanga kabisa. Ukimwona mtoto amekula karanga akavimba midomo, akatokwa na vipele mwilini au akashindwa kupumua, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali wakati huo huo, na asipewe tena karanga. Mkiwapikia watoto wa wenyewe, kwa mfano siku ya mkutano, ulizeni kwanza.

Sasa, kama kila mama atakaanga na kusaga jioni ile ile, zile dakika 20 ni uongo. Ndiyo sababu jambo hili ni la kikundi. Kikundi kimoja tunachokijua kinakutana Jumamosi mbili kila mwezi. Kila mwanachama anakuja na gorogoro moja ya karanga kavu. Wanamenya pamoja, wanachagua pamoja, na hakuna anayechagua zake mwenyewe. Zako zinachaguliwa na jirani yako, kwa sababu mtu akichagua zake anazionea huruma. Wanakaanga kwa karai moja, wanasaga kwa kinu au kwa ile mashine ya mkono ya kusagia nyama, iliyooshwa ikakauka kabisa. Kila mmoja anarudi nyumbani na mkebe wake. Mkebe ukiwa mkavu, na kijiko kikiwa kikavu, karanga hizo zinakaa majuma mawili bila shida, na Jumatatu jioni kazi iliyobaki ni kuchemsha tambi.

Kikundi hicho kilianza na kujipikia tu. Baadaye walimu wa shule ya jirani wakaomba kununua. Walikataa kwa miezi mitatu, wakasema hawajawa na hakika na ukaushaji wao. Sisi tuliwasukuma waanze kuuza, maana tulitaka kuandika matokeo mazuri katika ripoti yetu. Wao walikuwa sahihi na sisi tulikuwa na haraka. Sasa wanauza kidogo, na hawachanganyi unga wa mahindi ndani ili mkebe ujae. Mteja aliyezoea safi akionja yenye unga, anajua.

Hesabu ya gharama hatutawaandikia hapa, kwa sababu bei ya tambi inabadilika na bei ya karanga haikai mahali pamoja. Kila kikundi kichukue karatasi, kiandike bei za duka lake la karibu, kilinganishe sufuria ya leo na pakiti nne za tambi tupu ambazo zingeshibisha watu wachache. Makaa pia yahesabiwe, wengi wanayasahau.

Mkutano ujao tutaanza saa tatu asubuhi, na tutachagua karanga kabla ya kupika, si baada. Kila kikundi kilete gorogoro mbili za karanga zenye maganda, uteo mmoja, na karai ikiwezekana. Tambi tutaleta sisi. Walio na kinu wajiandikishe kwa karani leo kabla ya kuondoka, kwa sababu mara iliyopita tulikuwa na vinu vitatu, na kimoja kilikuwa kimepasuka.